Mtaliano Aliyenisalimu "Mwangaluka"

Asizi, Italia

Mama mpendwa, shikamoo.

Nina furaha isiyo kifani! Leo sisi waseminari tumepewa ruhusa ya kutembea, tukaupanda huu mji wa mawe ulio juu ya kilima. Nilikuwa nahema kwenye ngazi, mara nikasikia nyuma yangu salamu yetu ya asubuhi ya Kinyamwezi, "Mwangaluka!" Kugeuka, namwona mwashi wa Kitaliano, chokaa mikononi. Kumbe wakati wa vita alikuwa mfungwa wa Waingereza hapo Tabora! Nilipomwambia kwetu ni huko huko, akanivuta mpaka kwake.

"Mwambie mke wangu," akasema kwa Kiswahili, "kwamba akina mama wa mtaa wa Chemchem walitupitishia michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na asali kwenye seng'enge ya kambi. Miaka yote ananiita mwongo. Ati, nani atamlisha adui?"

Nikamjibu mkewe kwa Kitaliano changu kibovu, "Ni kweli. Mama yangu alikuwa mmoja wao."

Akamtazama mumewe, kisha akanikumbatia huku akilia. Nimelishwa mkate, jibini na maharage ya mafuta ya zeituni hata kanzu imenibana. Naye kanituma hivi: "Mwambie mama yako ana dada Asizi."

Mungu akutunze, Mama, na nyumba nzima.

Mwanao akupendaye,
Yohana