Soda Mbili za Bwana Spika

Jumamosi, 11 Januari

Sijawahi kumwambia mtu: viatu vyangu vya shule vinanibana. Vilinibana tangu palepale sokoni. Muuzaji alisema vitatanuka, nikasema asante, nikalipa. Sikuweza kumwambia hapana mtu aliyekwisha kunifunga kamba kwa mikono yake. Mwaka mzima natembea kama kuku aliyekanyaga makaa. Mama anadhani ndio mwendo wangu.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu mdogo wangu bado hakijui vizuri, na anapekua kila kitu.

Leo: maji, kupepeta maharage, kusoma kidogo. Jioni Baba akatangaza kwamba tunanunua trekta. Maksai wameshauzwa. Shangazi Nyafwono ametoa nusu, kwa hiyo naye anakwenda Busia kuchagua muuzaji. Mimi nakwenda kusoma karatasi. Laiti karatasi zingeletwa nyumbani.

Mvua za Machi hazisubiri mtu. Trekta ikilala, kijiji chetu chote cha Petta kitalima sisi tukitazama.

Jumatatu, 13 Januari

Shangazi ndiye aliyechunguza nyumba za wakwe wa dada zangu wote, na hakuna aliyerudi akilia. Anasema muuza trekta ni mkwe. Kununua ni siku moja, kuuguza ni miaka. Kwa hiyo tunafika bila taarifa. Tunaomba choo, maana ukweli wa nyumba uko nyuma. Tunauliza majirani. Na hakuna kuonja chochote kabla ya kukubaliana. Ukimeza cha mkwe, umemeza na neno lake.

"Dada, ni trekta," Baba alisema.

"Na wewe ni kaka yangu, ndiyo maana naenda."

Duka la kwanza lilikuwa ng'ambo, Busia ya Kenya. Safi, kijana mpole. Baba akafurahi: "Kenya ni hapa tu. Nikitema mate yanaanguka Kenya."

"Mate hayalipi ushuru," Shangazi alisema. "Spea italipa."

Tukarudi upande wetu. Duka la pili lina spika kubwa mlangoni, muziki mpaka meno yanatikisika. Mwenyewe huvaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Nimempa jina Bwana Spika.

"Mheshimiwa! Karibu! Hii mashini iko na nguvu, mzee, italima mpaka lami!"

Baba hajawahi kuitwa mheshimiwa. Akapandishwa kwenye trekta kubwa nyekundu, akavishwa kofia nyekundu, akapigwa picha. Shangazi akaomba choo. Aliporudi alininong'oneza: kwenye rafu za spea kuna kofia na kreti za soda. Spea, hakuna hata moja.

Tulipogeuka, Baba alikuwa anamalizia soda. Ya pili.

Jumanne, 14 Januari

Picha imefika kwenye WhatsApp ya ukoo. Pongezi nyingi. Mjomba mmoja ameuliza kama Baba anagombea udiwani.

Baba amemwambia Bwana Spika ndiyo. Ijumaa anakwenda kuweka sahihi. Shangazi hasemi naye. Wanakaa benchi moja na kuongea kupitia mimi.

"Mwambie baba yako tumbo lake limeuza pesa zangu."

"Mwambie shangazi yako nimesikia."

Nimechoka kuwa simu.

Jumatano, 15 Januari

Tumekwenda Mwello. Shangazi amesikia kuna mzee huko aliyenunua kwa Bwana Spika. Baba alikuja kwa shingo upande, na kofia yake.

Trekta tuliikuta chini ya banda la mabati. Nyekundu, nzuri. Kuku mmoja alikuwa ametaga kwenye kiti. Mwingine alikuwa amelalia mayai kwenye kisanduku cha vifaa. Jogoo juu ya usukani.

"Inapumzika," mzee alisema.

Tangu lini? Tangu palizi. Palizi ipi? Akabadilisha mazungumzo. Anasubiri kifaa kidogo tu, Bwana Spika amesema kiko njiani. Baba akaomba iwashwe angalau asikie mlio.

"Tusiwasumbue kuku," mzee alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu msibani.

Aliaga kwa kutupa mayai. Shangazi aliyapokea. Huyu si mkwe.

Alhamisi, 16 Januari

Tororo mjini. Duka la tatu. Hakuna muziki. Sakafu nyeusi kwa mafuta. Mwenye duka ni mama mnene mwenye grisi mpaka kwenye kiwiko. Hakutukaribisha. Alituhoji kama polisi.

"Udongo wenu ni gani? Mawe iko? Nani ataendesha?"

Baba akaonyesha trekta kubwa kuliko zote.

"Hiyo ya nini? Itawanyonya dizeli mpaka muuze nyumba. Chukueni ndogo. Na kama mnataka soda, duka iko pale mbele, mnunue wenyewe."

Nilitaka ardhi inimeze. Shangazi alikuwa anang'aa kama bibi harusi. Akaomba choo, akachelewa sana. Nyuma ameona spea zimepangwa mpaka dari, na fundi akifunga sanduku la vifaa kwenye boda, anakwenda kwa mteja. Vijana wa boda nao wamemwambia: huyo mama ana matusi, lakini fundi wake hufika hata mvua ikinyesha.

"Mkwe anayekugombeza siku ya kwanza," Shangazi alisema, "hana alichoficha."

Jioni nilimkuta Baba kwenye zizi tupu. Amekubali kwamba yule mama ni bora. Lakini hawezi. "Mtu amekupa soda mbili. Unamwambiaje hapana?"

Nikamtazama. Koti lake la kanisani mikono inafika kwenye vidole. Muuzaji alimwambia litamkaa. Miaka yote nilidhani huu ugonjwa ni wangu peke yangu. Kumbe nimeurithi.

Nilimhurumia, kisha nikakasirika, kisha nikapata wazo.

Ijumaa, 17 Januari

Nimenunua soda mbili. Aina ileile. Tukaenda Busia, Baba, Shangazi na mimi. Baba alifika mlangoni, miguu ikagoma.

Nikaingia peke yangu. Muziki ulikuwa juu, ikabidi nipige kelele. Mimi, kupiga kelele.

"TUMERUDISHA SODA ZAKO!"

Bwana Spika akavua miwani. Ana macho ya kawaida tu.

"Lakini soda ni ya bure, dada!"

"Kwetu hakuna soda ya bure."

Nikaziweka mezani. Baba akaingia, akavua kofia, akaiweka katikati ya soda taratibu kama mtu anayerudisha mahari. Nikauliza nilichokariri njia nzima: trekta ikikwama Machi, nani atakuja Petta?

"Hii haikwami!"

Shangazi, kutoka mlangoni: "Anayesema mtoto wake hajawahi kuumwa, hajamlea!"

Bwana Spika akacheka, akafungua soda moja, akaninyooshea. Baridi, inatoa jasho. Nilikuwa na kiu kali.

Nikasema hapana.

Tukatoka nje. Baba akaninunulia maji. Alibeba mkoba wangu mpaka stendi.

Jumapili, 2 Februari

Trekta ililetwa jana. Ndogo, ya bluu, haina kofia. Mama Grisi, ndivyo ninavyomwita yule mama wa Tororo, alikuja nayo mwenyewe, akamgombeza Baba kwa kuegemea tangi, akamfundisha Mama kupima oili. Mama ndiye ataendesha. Ilipowaka, Shangazi alipiga vigelegele. Halafu, mambo yakiwa yamekwisha, akaomba chai ya wote, na Mama Grisi akanywa.

Leo baada ya kanisa nilikwenda sokoni Tororo. Muuzaji yuleyule. Alinifunga kamba, akasema vitatanuka. Nikasema hapana, vinabana. Akaleta vingine. Nikasema hapana. Vya tatu nikatembea navyo mpaka kwa wauza nyanya na kurudi. Nikalipa. Nimevaa mpaka nyumbani. Vile vya zamani nimempa mdogo wangu. Vinamtosha.