Mtungi Ulioisha Bila Kupika

Jumatatu, 15 Julai

Jana nimepoteza mtungi mzima wa gesi. Kilo sita. Niliuunganisha Jumamosi saa sita mchana, nikajaribu jiko mara moja, moto ukawaka wa bluu, nikazima. Jana saa kumi na mbili jioni nauinua, mwepesi. Mtupu. Sijachemsha hata chai.

Nimefungua duka langu la vitenge na mashuka Kariakoo kama kawaida. Mashuka matatu yametoka. Saa tano nimemwachia jirani, nikaenda Ilala kwenye karakana ninakotengenezewa kipanya changu. Kilikuwa basi dogo la abiria, viti vyote nimeng'oa. Sasa kina kitanda, kabati, jiko dogo, na mtungi chini ya kitanda. Mpango wangu ni kuzungukia minada ya Dodoma na Singida na vitenge vyangu, nilale humo, nipike humo. Shangazi Bi Mwanakombo anakwenda nami. Ndiye aliyenilea. Ana miaka sabini na moja na amekataa kuachwa.

Funguo ni mbili. Mmoja ninao mimi, mwingine anao fundi Rajabu. Hesabu imekwisha hapo. Nimemwambia mbele ya karakana nzima kwamba gesi yangu ameihamishia kwenye mtungi wake. Hakupiga kelele. Ameniwekea ufunguo mkononi, amekusanya vifaa vyake, ameondoka.

Na lingine linanikera. Jana hiyohiyo alasiri shangazi alikuja na chetezo chake, makaa mekundu na udi, akifukizie kipanya kama tunavyofanya kwetu kwa kitu chochote kipya. Rajabu akamzuia mlangoni. Eti rangi bado mbichi, ina tina inayoshika moto haraka, moto hauingii. Mama wa watu amerudi nyumbani na udi wake. Fundi gani huyo asiye na adabu?

Sijuti.

Jumanne, 16 Julai

Nimemtegea mwizi mtego.

Nimenunua mtungi mwingine kwa Neema, binti mwenye duka la gesi mtaa wa pili. Tumeupima kwenye mzani wake: kilo kumi na tatu na nusu kasoro gramu mia. Chuma peke yake ni saba na gramu mia nne, imeandikwa shingoni. Kwa hiyo gesi kilo sita kamili. Saa nne asubuhi nimeufunga vilevile kama Jumamosi, nimefungua valvu, nimefunga madirisha na milango. Funguo zote mbili kwenye pochi yangu.

Saa kumi nimerudi. Ndani bado rangi inanuka mpaka macho yanawasha. Nikainama kuuchomoa mtungi, na hapo ndipo harufu ya gesi iliponipiga. Chini, kwenye magoti. Nikisimama siisikii. Nikiinama ipo.

Nimefunga valvu, nimefungua milango yote, nimekaa nje kwenye ndoo kwa muda mrefu.

Mzani kwa Neema: kumi na mbili na gramu mia mbili. Kilo moja na gramu mia mbili zimekwenda kwa saa sita, na hakuna binadamu aliyegusa mlango. Neema amenishangaa. "Mama, hii gesi nzito. Haipandi, inalala chini kama maji. Ukiifungia ndani inakusubiri."

Nikamweleza matundu ya hewa yaliyomo. Mawili, mazuri, yana nyavu, juu kabisa chini ya paa kama ya nyumba. Mimi mwenyewe niliyasifia. Neema akaniuliza: na chini? Chini hakuna hata tundu la sindano. Niliagiza sakafu izibwe yote, vumbi la Dodoma lisiingie kwenye vitenge.

Gramu mia mbili kwa saa. Tangu Jumamosi saa sita mchana mpaka Jumapili saa kumi jioni, saa aliyokuja shangazi na chetezo, ni saa ishirini na nane. Kilo tano na nusu na zaidi. Sehemu imevuja nje, sawa. Sehemu ilikuwa pale sakafuni.

Na makaa mekundu yalikuwa mlangoni.

Rajabu ndiye aliyesema moto hauingii. Sababu yake ilikuwa rangi. Mimi sababu siijali.

Jumatano, 17 Julai

Sijala vizuri. Nimegundua na lingine, bora niliandike hapa kuliko kulibeba.

Mpira wa gesi niliufunga mimi. Rajabu alisema tusubiri Jumatatu akanunue vibano vya chuma. Mimi sisubiri watu. Duka nilijifunza mwenyewe, gari nilijifunza mwenyewe, kodi najaza mwenyewe. Nikakata ukanda wa mpira wa baiskeli nikaufunga kwa nguvu zangu zote. Leo nimeupaka povu la sabuni. Mapovu yamejaa kama birika linachemka.

Yaani mwizi wa gesi yangu ni mimi.

Nimemtafuta Rajabu. Nimeambiwa yuko Feri, anawachomelea wakaanga samaki majiko yao. Nimemkuta na miwani yake ya kazi usoni. Hakuivua. Nimemweleza yote, mpira, sakafu, mzani. Nimesema nisamehe. Wakaanga samaki wamesikiliza bila aibu, mmoja akaniambia nisogee, nazuia wateja.

Rajabu amenisikiliza mpaka mwisho. Kisha amesema, "Dada Saida, hapa hukuniita mwizi. Uliniita kule Ilala."

Akashusha kichwa, akaendelea kuchomelea.

Nimetembea kwa miguu mpaka kituo cha Posta. Nina hasira naye na ana haki. Vyote viwili.

Alhamisi, 18 Julai

Nimewahesabu watu walionisikia Jumatatu. Saba. Wachomeleaji wawili, mpaka rangi, fundi seremala na dada yake, mama ntilie wa getini, na mzee wa kulinda magari.

Saa mbili asubuhi nimeanza. Watano niliwapata karakanani. Nimesimama palepale niliposimama Jumatatu nikasema kwa sauti ileile: Rajabu hakuiba, mpira niliufunga vibaya mimi. Seremala akacheka, akasema na yeye nimpimie mbao zake, huenda na zenyewe zinapungua bila mwizi. Nimemeza. Dada wa seremala alikuwa sokoni Ilala, nikamfuata kwenye nyanya. Mzee wa kulinda alikuwa amelala nyumbani, nikamgongea. Alikuwa amesahau kabisa kisa chenyewe. Nikamkumbusha ili nikifute.

Mama ntilie peke yake ndiye aliyenipa pole. Akaniwekea maandazi mawili.

Saa saba Rajabu ameingia getini na vifaa vyake. Hakuuliza wangapi. Bila shaka alishaambiwa.

Ijumaa, 19 Julai

Kazi ya leo niiandike yote, isije ikasahaulika.

Rajabu ametoa mtungi chini ya kitanda. Ametengeneza sanduku la bati, amechomelea kila kona, limezibwa kabisa upande wa kulala. Mlango wake unafungukia nje ya gari, si ndani. Chini ya sanduku ametoboa sakafu kwa drili, matundu mawili yenye upana wa kikombe cha kahawa, wavu wa waya juu yake, mbali na bomba la moshi. Gesi ikivuja inadondoka barabarani. Chini ya jiko pia tundu, sakafuni. Matundu ya juu yamebaki, moto unahitaji hewa na sisi pia. Mpira mpya, vibano viwili vya chuma. Povu la sabuni kila kiungo. Hakuna hata kiputo kimoja.

Nimemwuliza kwa nini mwanzo aliweka juu tu. Hakujitetea. Amesema maisha yake yote ametengeneza madirisha ya nyumba, na nyumba zetu hupumua juu. Hakuwahi kufikiria kitu kinachozama. Nimempenda kwa kusema hivyo. Mimi ilinichukua siku tatu na watu saba.

Baada ya sala shangazi amekuja na chetezo. Rajabu akaubeba mtungi mwenyewe mpaka ukuta wa mwisho wa karakana, akafungua milango yote, ndipo akamwamkia shikamoo na kumkaribisha. Shangazi akaitikia marahaba, akamkagua juu mpaka chini. "Jumapili ulinifukuza kama kuku, mwanangu. Leo unanifungulia mlango kama bibi harusi."

Rajabu akacheka. Mara ya kwanza wiki hii. Shangazi akamwombea dua ndefu kuliko aliyokiombea kipanya.

Nimelia kidogo nyuma ya gari. Basi.

Jumamosi, 20 Julai

Mtungi umekaa ndani ya sanduku tangu jana jioni, valvu wazi, jiko limezimwa. Leo saa nne nimeupima kwa Neema. Haujapungua hata gramu moja. Nimempa Neema doti ya kitenge, kile cha bluu.

Vitenge vimeshapakiwa. Shangazi ameshafunga begi lake, ameweka na mto wake, hataki wa kwangu. Namwangalia akikunja kanga zake na moyo unajaa. Ningeweza kuwa ninazikunja mimi, yeye hayupo.

Mchana nimemwuliza Rajabu swali moja. Mama yake yuko Temeke, umri uleule wa shangazi. Je, angemlaza humu, mtungi ukiwa umeunganishwa? Akajifuta mikono. Akasema tumwombe Mungu. Nikamwambia Mungu namwomba mwenyewe, yeye namwuliza kazi yake. Akasema atalizunguka gari tena leo jioni, atalala chini alitazame kwa chini, kisha ataniambia.

Mzani umeshajibu. Yeye bado, na ninayemwamini ni yeye.

Tunaondoka kesho saa mbili. Nataka ndiyo au hapana, kwa mdomo wake, kabla ya saa moja asubuhi.