Kimya cha Shemeji Gaspard

Jumapili, Kagarama. Mvua inatishia tu, hainyeshi, na mimi niko na uchovu wa sherehe ya jana. Uchovu wa kawaida, wa kucheza. Naandika hivyo mapema kabla mtu hajanipa ugonjwa.

Maana siku hizi iko ugonjwa unaitwa Korona ndefu. Korona yenyewe naijua. Ilinikamata mwaka ule wa kufungiwa nyumbani, nikainywea kijiko kizima cha pilipili ya mafuta, ile ambayo wengine wanahesabu matone. Ikatoka kabla ya chakula cha jioni. Majirani waliisikia ikitoka.

Kwa hiyo Gaspard wa Kabuga, aliyeoa dada yangu, aliponiambia kwamba tangu Korona anachoka bila kazi na maneno yanampotea mdomoni, nilicheka. Daktari alimpima damu, akampiga picha ya mapafu, hakuona kitu. Daktari wa pili akasema wapo wengi hivyo. Nikamwambia shemeji, huyo wa pili anatafuta wateja. Ugonjwa gani unamficha daktari uso, halafu mke wako anauona kila asubuhi?

Sasa, Gaspard ndiye msemaji wa familia yao, na jana watu walikuja kumposa Aline, mtoto wa kaka yake. Aliniomba nisimame badala yake. Nilikataa. "Simama sha, ndugu yangu, maneno yatakufuata yenyewe."

Alianza vizuri. Aliwakatalia wageni, akajifanya hajui wamefuata nini, kama desturi inavyotaka. Tenti nzima ilicheka. Ikafika mahali pa kusema tunawapa binti yetu fulani.

Akanyamaza.

Maiki iko mkononi, mdomo wazi, kimya. Msemaji wa wageni, mzee mmoja wa Rwezamenyo, akadhani tumekasirika. "Muzehe, kama ng'ombe ni wachache, tusemezane." Kimya. Wakainamiana, wakanong'onezana, wakaongeza ng'ombe mmoja! Vigelegele vikapigwa mpaka kuku wa jirani wakatawanyika.

Lakini mimi nilikuwa naye bega kwa bega. Niliona macho yake yanavyohangaika. Alikuwa amesahau jina la Aline.

Jina alilompa yeye mwenyewe alipozaliwa.

Na binti alikuwa pale mlangoni, amevaa mushanana, anamtazama, tabasamu linaanza kupungua. Mimi niliyewahi kuuza miavuli katikati ya kiangazi sijawahi kufikiri haraka kama jana. Nikaruka, nikachukua maiki: "Shemeji yangu ameridhika! Aline ni wenu!"

Baadaye nilimkuta nyuma ya nyumba, amekaa juu ya kreti ya fanta.

"Sikuwa ninacheza, shemeji."

"Najua," nikamjibu. Neno moja tu. Mimi!

Leo asubuhi dada yangu amepiga simu, anacheka na kulia pamoja. Kuna familia nyingine ya Kabuga inamtaka Gaspard awasemee, eti hawajaona mtu anayejua kunyamaza kama yeye. Amekubali kwa sharti moja: nikae karibu naye.

Madaktari bado wana maswali yangu ya kujibu. Hawajaniridhisha.

Lakini nitakwenda, na majina yote nitayabeba mimi. Kama ni ugonjwa, nitakuwepo. Kama ni ujanja, nitakuwa nimekaa mahali pazuri pa kuuiba.