Kigango Chetu Kimekuwa Parokia

Kitengela, 29 Oktoba 2000

Tumekuwa parokia, dada Nelima! Si kigango tena! Askofu mwenyewe anakuja, na akimaliza misa atakula kwangu, si kwa wale wa maghorofa.

Habari za Kimilili? Sydney wangu yuko likizo kutoka seminari, kichwa chake ni kile kile unakijua. Juzi alisimama kanisani akatueleza neno la Kizungu "parish" lilikotoka. Lilianza kwa Wagiriki, likiwa jina la watu wanaoishi kando ya wengine, wageni wasio na ardhi. Baadaye ndio likawa eneo la padri. Watu walipiga makofi! Baba yake peke yake aliangalia chini.

Dada, ploti yetu iliuzwa mara mbili. Tulinunua kwa mwenzetu wa kwaya, tukaandikiana kwa karatasi ya daftari, tukaiombea, tukaona imetosha. Huko Kajiado, kwa ofisi ya ardhi, tumeambiwa hati iko na jina la mtu mwingine. Huyo amechora X nyekundu kwa ukuta wa sebule, na tingatinga linakuja Jumatatu, kesho yake askofu akishaenda. Nimeifunika na leso. Sydney hajui. Akiuliza, nasema ukuta uko na unyevu.

Sina la kufanya, lakini kuku wanne wako tayari. Mkuje wote, na shemeji akuje na lori, tupakie vitu jioni wageni wakitoka. Ni Jumapili, tarehe 19 Novemba.

Mdogo wako,
Mama Sydney