Mfuko wa Ndani wa Koti la Mayasa

Joubert Park, Johannesburg
14 Oktoba 2018

Dada yangu Zubeda,

Sisi hapa hatujambo. Binti yangu Mayasa amepata viza ya Marekani: atafanya kazi hotelini miezi minne, kisha atazunguka nchi ile kwa gari mwezi mzima. Nilikataa, nikaificha pasipoti yake katika droo ya cherehani. Hakulia. Alinichukua kwa gari hadi Durban, ili nione anavyojimudu safarini. Gurudumu lilipasuka milimani, mvua ikinyesha. Akalibadilisha mwenyewe, mimi nikimshikia mwavuli.

"Baba, shika vizuri, nalowa."

Nilitii, mimi niliyekuzuia wewe kwenda Muscat kusoma. Nisamehe, dada.

Jana nilimshonea mfuko ndani ya koti, kwa uzi maradufu. Pasipoti imo.

Nduguyo,
Bakiri