Kumpisha Baba Mkwe

Jumatatu, 6 Machi 1995

Palizi tangu asubuhi. Mgongo umekataa kunyooka. Niliporudi nimekuta kidaftari kidogo juu ya kigoda cha jikoni, na kipande cha penseli. Ameniachia baba mkwe. Alikuwa karani wa ushirika, na ulipofungwa na ghala kupewa wanunuzi binafsi wa mpunga, vidaftari vilibaki kwake.

Ukurasa wa kwanza ameandika maagizo. Kila ukurasa uwe na namba. Karatasi ya mwanzo iachwe kwa yaliyomo. Mbele kazi za siku, nyuma mambo ya kukumbuka. Tarehe kwanza, ndipo maneno. Penseli, si wino, maana mvua ya Kyela haina adabu. Kikae mfukoni siku zote.

Mfukoni. Mimi nina kitenge, mfuko nautoa wapi.

Jumanne, 7 Machi

Nimeshona mfuko ndani ya sketi, kwa kitambaa cha mfuko wa unga. Penseli nimeifunga kwa uzi. Jalada nimelivisha nailoni. Namba nimeweka mpaka mwisho. Kisha nikaandika: palizi, shamba la mtoni. Ikaisha hapo. Basi naandika na haya mengine, hakuna atakayesoma.

Hatusemezani, mimi na Baba. Kwetu mke wa mtoto hamwangalii baba mkwe, wala hataji jina lake. Ukutila, wazee wanasema, kumwogopa kwa heshima. Akitoka anakohoa. Nikisikia naingia migombani, nachuchumaa, najifunika kichwa mpaka apite. Wengi wa kanisani wameshaacha. Baba hajaacha, na mimi nimelelewa hivyo hivyo.

Zamani wifi ndiye aliyepeleka maneno. Tangu aolewe Bondeni, kule mjini, Baba anaongea na kuku nami nasikiliza ukutani. "Kuku, mboga ya jana haikuwa na chumvi." Kuku huyu ana habari kuliko redio.

Gwakisa, mume wangu, yuko Karonga, ng'ambo ya mpaka, na biashara yake ya vitenge. Yeye huja akipenda.

Jumamosi, 11 Machi

Soko la Lyulilo, kando ya ziwa. Mvua njia nzima, nyuma ya pikapu. Mitumbwi ilikuwa imeshafika, akina mama wa Kikisi, wafinyanzi, wamepanga vyungu kwenye mchanga. Nikawa nagonga chungu, nasikiliza mlio, naandika. Mmoja akacheka mpaka akakaa chini. "Dada, chungu kinapikiwa, hakiandikwi." Nikamwambia ni agizo la mkwe wangu.

Nimemnunulia Baba chungu kidogo cha maji ya kunywa. Kidaftari hakikulowa. Nimefurahi, naandika kwa kuwa si kawaida yangu.

Alhamisi, 16 Machi

Sahani imerudi na chakula. Jana pia. Kuku haambiwi kitu.

Jumapili, 19 Machi

Tumepishana kwenye njia ya kanisani. Chini ya kitenge huwa naona miguu yake. Naijua miguu ile. Uso siujui, tangu niolewe sijauona. Leo imevimba. Kamba za makatambuga ameziachia na bado zinambana.

Nikamwomba Mama Lusajo, jirani yetu, amtume mumewe akamwone. Akaenda. Akajibiwa kuwa mzee hana tatizo, akanyweshwa togwa, akarudi ameridhika. Wanaume wakiulizana hali wanajibiana uongo.

Ijumaa, 24 Machi

Wafanyabiashara wamerudi kutoka Karonga. Niliwatuma kwa Gwakisa, aje, baba yake anaumwa. Jibu: atakuja akimaliza mzigo. Nina hasira naye mpaka naogopa.

Jumatano, 29 Machi

Nimechana ukurasa wa nyuma. Nikaandika: Baba, miguu imekuwaje? Niite wanaume wakupeleke hospitali? Nikauweka chini ya sahani.

Umerudi na jibu, mwandiko umeanza kuyumba. "Usichane kidaftari. Miguu ni uzee. Ndaga, mwanangu."

Hajawahi kuniambia ndaga, ahsante, wala kuniita mwanangu. Nimelia jikoni, nikasingizia moshi, na hakukuwa na mtu wa kumdanganya.

Jumatatu, 3 Aprili

Nitaandika yote, kisha sitayarudia.

Asubuhi nilikuwa natoka kisimani. Mvua nyembamba. Baba akakohoa kwenye kona. Nikatua ndoo, nikaingia migombani, nikachuchumaa, nikajifunika. Nikasikia fimbo ikianguka. Nikangoja aiokote. Nikangoja hatua zake zipite. Hazikupita.

Nikasema moyoni, amesimama kupumzika. Nikifunua nimkute ananitazama, uso wangu nitaupeleka wapi. Akaguna, mara moja. Nilidhani anasafisha koo. Nikajifunika zaidi. Ndiyo, zaidi. Nikakaa hivyo mpaka maji yakapenya kitenge na kunishuka mgongoni.

Aliyepiga kelele ni Mama Lusajo, aliyekuja kuchota maji. Nikafunua. Baba alikuwa kifudifudi, karibu nami kiasi cha kumgusa, mdomo umezama kwenye maji ya njia. Tukamgeuza. Bado alikuwa na joto.

Huo ndio uso wake. Ana kovu juu ya nyusi. Sikulijua.

Jumanne, 4 Aprili

Nimepika kwa ajili ya watu. Sijui nilipika nini.

Ijumaa, 7 Aprili

Tumezika jana. Gwakisa alifika jeneza likiwa limeshafungwa. Analia kuliko wote.

Wanawake waliponiuliza nilieleza kila kitu, fimbo, kuguna, kila kitu. Nilitaka mmoja anipige. Wakanishika mkono, wakanipa pole. Mama Lusajo peke yake alitazama chini.

Kisha baba mdogo, mdogo wake marehemu, akasimama mbele ya watu. Mimi nyuma ya wanawake, nimejifunika, maana naye ni mkwe. Akasema, "Mkwe huyu amemheshimu kaka yangu mpaka pumzi ya mwisho. Mabinti wa siku hizi mwigeni." Watu wakaitikia, ndaga, ndaga fijo. Nikaenda kuosha masufuria nyuma ya jiko.

Usiku Gwakisa akasema nisijilaumu, mila ni mila. Nikamjibu kwamba nilimwita na hakuja. Akageukia ukutani.

Jumatano, 12 Aprili

Naamka, nachota maji, napika. Bado napakua sahani yake. Naimwaga kabla Gwakisa hajaona.

Sina mtu wa kumuuliza: kama ningefunua pale fimbo ilipoanguka. Maji yenyewe yalikuwa haba, hayafiki kwenye kifundo cha mguu. Ningemgeuza kwa mkono mmoja.

Alhamisi, 27 Aprili

Palizi imekwisha. Mpunga umeanza kuchanua. Gwakisa amerudi Karonga. Baba mdogo amehamia nyumba ya Baba, ndivyo inavyotakiwa, na masharti ni yale yale.

Jioni nilikuwa narudi na kuni. Akakohoa kwenye kona. Miguu yangu ikaanza kwenda migombani yenyewe. Nikaizuia. Nikasimama pembeni ya njia, kichwa wazi.

Alinikuta hivyo. Akashtuka, akageuza uso, akavuta kofia mpaka puani, akanizunguka kwa kukanyaga tope. Ataliambia baraza la wazee, nao watakaa, pengine nitatozwa ng'ombe. Sawa.

Sikuondoka. Nilimtazama mgongo mpaka akafika mlangoni, akaingia. Ndipo nikajitwika kuni zangu.