Jeshi la Kwanza la Sindano

4 Machi

Binti yangu Sindano,

Salamu nyingi. Hujambo? Macho yako yanaendeleaje? Kusaga vioo vya miwani kutwa nzima si kazi ya lelemama. Mimi mzima, ila goti linanung'unika kila nikipanda ngazi.

Najua sijakuandikia siku nyingi, na wewe hujaniandikia siku nyingi zaidi. Nina jambo. Tangu nistaafu posta nilikuwa nashinda ndani nikigombana na redio. Sasa kila Jumamosi naenda ukumbi ulio nyuma ya maktaba, ambako wazee kwa vijana tunapigana vita juu ya meza. Usicheke. Kila mtu ana jeshi lake la vijisanamu vya plastiki, kimo cha kidole gumba, anavigundisha na kuvipaka rangi mwenyewe. Unapima hatua zao kwa futi kamba, unarusha dadu kujua nani kaanguka.

Tarehe 30 Juni kila mwanachama atacheza na mtu wa familia yake. Nimekuandikisha wewe. Nakutumia kitabu cha picha uchague jeshi lako la kwanza. Yapo majeshi manne. Watu wa Chuma ni wachache na wazito, hawajui kurudi nyuma. Kundi ni wengi kama siafu, na wanakufa kama siafu. Wanamsitu hujificha na kurusha mishale. Halafu kuna Wapanda Vyura, ambao hata jemedari wao hajui watarukia wapi mpaka dadu iseme.

Kanuni yetu ni moja. Kila mmoja anaandika orodha ya jeshi lake, anaifunga kwenye bahasha, anampa mwenzake aitunze. Haifunguliwi mpaka mmekaa mezani. Basi chagua, nunua hukohuko, usiniambie. Nadhani utawapenda Wanamsitu.

Baba yako

*

19 Machi

Baba,

Shikamoo. Mimi sijambo, na macho hayajambo. Pole na goti.

Barua yako nimeisoma mara nne, ya nne nikiwa nimesimama, kama mtu aliyeletewa hati ya polisi. Nakuuliza waziwazi: unataka nini?

Sisi wawili hatujakaa meza moja kwa miaka sita, na sababu unaijua. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Ulizitoa barua za rafiki yangu chini ya godoro langu, ukazisoma zote, kisha ukaenda kumweleza mama yake yale aliyoniandikia kuhusu nyumba yao. Rafiki yangu hajaniandikia tena mpaka leo. Wewe uliyepanga barua za watu posta miaka thelathini na moja bila kuchungulia hata moja! Ulikuwa ukijisifu hivyo kila tukila. Ukaja kuchungulia zangu.

Sasa unaniletea mchezo wa bahasha.

Tena unasema nisikuambie, na papo hapo unatupa ndoano: "Nadhani utawapenda Wanamsitu." Nikikataa, nimekuambia. Nikikubali, nimekuambia. Nikinyamaza, utasema kimya ni jibu. Au ndivyo unavyoniona, mtu wa kujificha na kurusha mishale?

Kitabu chako kiko juu ya kabati. Sijasema nitakuja.

Binti yako

*

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Umenichoma, Sindano, na jina hilo nilikupa mwenyewe, kwa hiyo nalia na nafsi yangu.

Yale ya barua ni ya zamani. Nilifanya kama mzazi. Tusifukue.

Kuhusu Wanamsitu, nilisema tu kwa kuwa ulipokuwa mdogo ulipenda kukaa kabatini na tochi. Mimi sina siri yoyote. Nina jeshi moja tu, Watu wa Chuma, na ukumbi mzima unajua. Wananiita Baba Kifaru kwa jinsi ninavyojikokota nao.

Ukitaka ushauri, mtu wa mara ya kwanza achague jeshi ambalo macho yake yanalipenda. Utakaa nalo wiki nyingi na brashi mkononi kabla hujarusha dadu hata moja. Usichague la kunishinda. Chagua la kukaa nalo.

Baba yako

*

23 Aprili

Baba,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia. Mimi nina mafua, yatapita.

Ndani ya bahasha hii kuna bahasha nyingine, ndiyo yenye orodha yangu. Nimeifunga kwa gundi ya vijisanamu, ambayo muuzaji ameapa haibanduki, na nimetia saini mara tatu juu ya mkunjo. Nakuambia ili ujue kwamba nitajua.

Na jingine. Umenitajia jeshi lako bila kuulizwa. Tangu lini mtu akamwonyesha adui upanga wake? Huwa unasema maneno mepesi unapoficha mazito. "Nilifanya kama mzazi" lilikuwa mojawapo.

Nitakuja tarehe 29 Juni. Nitalala kwa shangazi.

Binti yako

*

10 Mei

Mwanangu,

Pole na mafua. Kunywa vitu vya moto.

Imefika. Ya kwangu hii hapa. Sina gundi kali kama yako, nimeilamba tu. Chumba chako nimekipaka rangi, lakini kwa shangazi ni sawa.

Baba yako

*

1 Juni

Baba,

Shikamoo. Sijui kama utaitikia ukimaliza kusoma.

Nimefungua bahasha yako.

Nikueleze tangu mwanzo, maana tangu juzi nimekuwa nikijieleza mwenyewe na sijaridhika. Nilipokwenda kununua jeshi, muuzaji, dada mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta, aliniuliza nitacheza na nani.

"Baba yangu."

"Anatumia jeshi gani?"

"Anasema Watu wa Chuma."

"Basi usichukue Kundi, watakanyagwa kama biskuti. Kundi ni zuri ukicheza na Wanamsitu, mishale inawaishia kabla hujaisha wewe."

"Amesema Watu wa Chuma, kwa hiyo si Watu wa Chuma."

Akaniangalia juu ya ile plasta. "Dada, umekuja kununua jeshi au kufungua kesi?"

Nilinunua Kundi. Niliamua kuwa umenitajia Wanamsitu kwenye barua ya kwanza kwa sababu ndio ulionao kichwani, na kwamba Watu wa Chuma ni changa la macho. Askari themanini, Baba, wote sura moja. Nikitoka karakana, vidole vikiwa bado vimekakamaa kwa kushika vioo, nakaa kuwapaka rangi ya matope. Siwapendi hata mmoja. Nilifika wa thelathini nikaanza kuwachukia kwa zamu.

Kisha ikaja barua yako: "Imefika." Neno moja. Hukusema saini ziko salama. Hukusema umeiweka wapi. Nikajiambia mtu asiye na hatia angesema. Nikaiweka bahasha yako kazini, kwenye droo ya bisibisi ndogo, nisiione nyumbani. Nikawa naiona kazini. Juzi mteja alileta miwani ya mtoto iliyovunjika mkono, nikafungua droo kutafuta bisibisi, na nilipokwisha kuikaza ile skrubu bahasha ilikuwa tayari mkononi. Ulikuwa umeilamba ncha tu. Iliachia yenyewe, karibu. Hapana, haikuachia yenyewe. Niliingiza bisibisi chini ya mkunjo.

Nilisoma: Watu wa Chuma, kumi na wanne. Jemedari mmoja, goti limevunjika, limegundishwa. Basi. Kila ulichoniambia ndicho kilichokuwemo.

Nilisimama pale nikiwa na miwani ya mtoto wa watu mkono mmoja na siri yako mkono wa pili. Nilidhani ningejisikia mshindi. Nilijisikia kama wewe. Sikujua kama ndivyo ulivyojisikia, ukiwa umekaa kwenye kitanda changu. Nimekuwa nikikufikiria miaka sita kama mtu aliyefurahia.

Sasa niambie ukweli, maana mimi nimeusema. Wewe umefungua yangu?

Binti yako

*

13 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Naitikia, na nitaitikia daima.

Sikuifungua. Lakini usinipongeze. Siku bahasha yako ilipofika niliishika nikaisogeza kwenye balbu ya jikoni. Nikaigeuza. Nikaona kivuli cha mwandiko wako, na mkono ukaanza kutafuta ukingo wa gundi bila kuniuliza. Nikavaa viatu nikaenda moja kwa moja kwa mwamuzi wetu, fundi cherehani mstaafu, nikamwambia, "Kaa nayo, mimi sijiamini." Akasema, "Bahasha ya binti yako mwenyewe?" Nikamwambia hiyo hasa. Iko kwake mpaka leo, chini ya pasi yake ya mkaa. Sikukuandikia hilo kwa sababu ningelazimika kueleza kwa nini.

Sasa naeleza. Sikufanya kama mzazi. Mama yako alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, wewe ulikuwa huongei na mimi, na kila wiki kulikuwa na bahasha nene ya kwenda kwa rafiki yako, inayopokea maneno yote. Niliona wivu wa karatasi. Nilipokwisha kusoma, nikatafuta sababu ya heshima ya kuwa nimesoma, ndipo nikaenda kwa mama wa rafiki yako na kujifanya nimekwenda kusaidia. Sikufurahia. Lakini nilifanya, na nikakukosea wewe na mtoto wa mwenzangu. Nisamehe. Usiponisamehe pia, nimekwisha kusema, jambo ambalo nilipaswa kulisema wewe ukiwa bado na begi mlangoni.

Nimemuuliza mwamuzi kanuni inasemaje. Alicheka mpaka akavua kofia. Aliyefungua orodha ya mwenzake hafukuzwi. Anaandika yake upya, jeshi lolote alitakalo, na anaituma ikiwa wazi, ili mwenzake naye aione. Ile ya gundi itarudi kwako kama ilivyo. Kama hutaki tena kuja, nitawaambia umebanwa na kazi, na mimi sitauliza.

Baba yako

*

21 Juni

Baba,

Shikamoo. Sijambo. Hii ni kadi, haina bahasha. Msambaza barua wa mtaani kwako ataisoma kabla yako, msalimie.

Sijasamehe yote. Nimesamehe yale niliyoyafanya na mimi.

Kundi nimelirudisha dukani. Muuzaji alinisogezea tu kitabu cha picha. Nikachagua kwa macho.

Orodha yangu: Wapanda Vyura tisa. Wanne wa kijani. Watano wa rangi niliyokosea kuchanganya, nikaipenda. Jemedari mmoja, kiti chake kimeegemea kushoto. Hakuna akiba, hakuna waliojificha. Sijui watarukia wapi.

Shangazi nimemwambia nitalala kwako.

Una siku tisa za kupanga namna ya kunishinda. Panga.

Binti yako